Ndimu ya Bi Mwanakombo

Mimi ni mwoga. Watu wa Temeke hawaamini, kwa kuwa nina mdomo, na katika wari kumi na tisa niliowafunda sijashindwa ugomvi na mama mkwe hata mmoja. Lakini asubuhi ile, mwaka ambao Waingereza walimtawaza malkia wao, nilitetemeka mpaka bangili zikalia mkononi.

Mwari wangu alikuwa Tunu, msichana wa miaka ishirini na moja, aliyeolewa na Jabiri, karani wa bandarini. Kitandani walitandikiwa kisarawanda, kile kitambaa cheupe ambacho asubuhi hutolewa uani, wanawake wakione kina damu, wapige vigelegele. Nilipoingia chumbani, Jabiri alikwisha kwenda msikitini. Tunu alikuwa amekaa chini, kitambaa mapajani, cheupe pepepe.

"Somo," alisema, "wallahi sijaguswa na mtu kabla ya huyu."

Nilimwamini. Somo yeyote aliyekula chumvi nyingi anajua kwamba wanawake wengi hawatoki damu, na hawana kosa lolote. Lakini nenda kawaeleze wale waliokuwa uani na ngoma zao! Miaka miwili nyuma msichana wa mtaa wa pili alirudishwa kwao kabla ya chai, huku anaimbwa njia nzima. Mpaka leo hajaolewa, na akifika kisimani watu hunyamaza. Nilimtazama Tunu nikamwona yule.

Dawa tunayo tangu enzi za bibi zetu. Manjano ukiyapaka chokaa ya tambuu huwa mekundu, nayo yakikauka huwezi kuyatenga na damu. Ila tone moja la ndimu huyarudisha njano palepale, na siri hiyo haikuwa siri tena. Shangazi yake Jabiri hakuwahi kwenda kutazama kisarawanda cha mtu bila nusu ndimu kiganjani. Asubuhi ile nilimkuta amekaa mbele kabisa, ngumi ameifumba.

Lakini nami nilikuwa na mpangaji wangu, Mwalimu Ansbert, Mhaya anayefundisha sayansi. Siku moja aliniona nanawa manjano kwa sabuni, vidole vimegeuka vyekundu, akafurahi kana kwamba amekutana na ndugu yake. Alinitolea karatasi zake zinazobadilika rangi, akachovya kwenye ndimu, kwenye chokaa, kwenye maji ya magadi.

"Ndimu ni asidi, mama. Chokaa ni besi. Zikikutana zinauana, na rangi inakwambia nani kashinda."

"Na magadi?"

"Magadi ni mvumilivu. Ukimtia tone la asidi analimeza, kipimo hakisogei sana. La pili analimeza vilevile. Kitu cha namna hiyo sie tunakiita bafa."

"Analimeza mpaka lini?"

"Mpaka aishe," alisema akicheka. "Akiisha, kipimo kinaanguka mara moja."

Yeye alikuwa anacheka. Mimi neno lile "akiisha" lilinikaa moyoni.

Pembeni mwa kanga yangu nilikuwa nimefunga mafundo mawili tangu siku ya harusi: moja la manjano, jingine la magadi ya kuchemshia maharage. Nilikuwa sijawahi kujaribu. Nilipaka manjano katikati ya kitambaa, nikakoroga magadi mazito kwa maji ya kata, nikadondosha. Wekundu ukapanda. Tunu akajiziba mdomo. Nilikuwa namwambia anyamaze, mlango ukafunguliwa.

Aliingia Bi Mwanakombo, mama yake Jabiri. Mjane huyu nilimjua kidogo tu. Jana yake, wanawake wa ukoo walipozunguka sinia la pilau, yeye alikula peke yake jikoni, juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, nami nikasema moyoni huyu ana maringo.

"Shikamoo, mama," Tunu alisema.

"Marahaba." Alifunga komeo. Alikitazama kitambaa, akanitazama mimi, halafu akafungua pindo la kanga yake akatoa nusu ndimu.

Nilitaka kusema neno, mimi mwenye mdomo wangu, ulimi ukagoma.

Akakamua tone la kwanza. Pale lilipoangukia pakawa njano kama kiini cha yai, na povu dogo likachemka. Nikasema tumekwisha. Lakini magadi yalijipenyeza kutoka pembeni, na wekundu ukarudi taratibu, ukaifunika ile njano. Tone la pili, njano, kisha nyekundu. La tatu likakawia kurudi. Nilisikia ngoma uani imeanza na mtu anauliza mbona wanachelewa. Tunu alikuwa ameng'ang'ania gauni langu.

Tone la nne lilianguka. Njano ikaja, ikakaa, haikurudi tena.

Nilipiga magoti. "Bi Mwanakombo, mtoto huyu hana kosa. Nihukumu mie."

Yeye alikuwa anaitazama ile njano, na kidevu kinamcheza.

"Umebakiwa na magadi?" aliuliza.

"Yapo," nilisema, sielewi.

"Ongeza. Manne hayatoshi. Wifi yangu huko nje anakamuaga nusu nzima mpaka ganda linakauka."

Nilifungua fundo kwa meno. Yeye mwenyewe alikishika kitambaa kikakaza, nami nikapaka magadi yote yaliyobaki, mazito kama uji.

"Mama," Tunu alinong'ona, "umejuaje?"

"Mie nilitiliwa manjano kwa chokaa tupu." Aliongea huku ananyoosha pindo za kitambaa. "Sikuwa na kosa, kama wewe. Iligeuka tone la kwanza, mbele ya watu wote, na mkamuaji ni huyuhuyu. Marehemu alikataa kunirudisha kwetu. Lakini miaka thelathini, mwanangu, sijakaribishwa kwenye sinia lao."

Nilijionea haya kwa yale niliyoyawaza jana yake.

Tukakiweka kitambaa juu ya sinia, tukatoka. Shangazi alisimama kabla hatujafika katikati ya uwanja. Akafumbua ngumi, akakamua. Njano ilitokea, na uwanja mzima ukanyamaza. Nilihesabu matone mpaka sita, nikashindwa kuendelea, nikafumba macho. Niliomba Mungu magadi yasiishe. Sijawahi kuomba hivyo hata kwa wanangu walipougua.

Sauti ya kwanza niliyoisikia ilikuwa kigelegele, kirefu, cha koo lililokauka. Nilipofumbua macho, kitambaa kilikuwa chekundu, shangazi ameshika ganda tupu, na anayepiga kigelegele ni Bi Mwanakombo. Wengine wakampokea. Yeye akakikunja kitambaa upesi, akakipeleka ndani, akakitia kwenye ndoo ya maji.

Mchana sinia la wanawake liliwekwa mkekani. Bi Mwanakombo alitoka jikoni, akamshika Tunu mkono, wakakaa pamoja katikati ya mkeka. Alinawa, akamega tonge. Shangazi alimtazama, akafungua mdomo, kisha akasogea kumpisha.