Udongo wa Kitovu cha Nuru

Mama mkwe wangu, Koko Safia, alirudi jioni kutoka Wamaza, alikozaliwa binti yangu Nuru, nyuma ya pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hata maji hakunywa. Akafungua fundo la kitenge chake na kunionyesha udongo mweusi.

"Kitovu cha Nuru tulikizika mu hii udongo," akasema. "Kimeoza, lakini iko ndani. Upelekee muganga."

Nikakaa chini. Habari yenyewe ilitoka kituo cha afya. Muganga Zéphirin alinieleza kwamba huko mbali watu wenye ugonjwa wa sukari, kama binti yangu, wengine wanapandikizwa vichembe vya kutengeneza insulini. Vingi hufa mapema. Kwa hiyo wataalamu wanajaribu kuvipandikiza pamoja na chembe nyingine za kuvilea, hata zile zinazotoka kwenye kamba ya kitovu, mtoto anapozaliwa. Nikamsimulia Koko tukitwanga sombe, majani ya muhogo. Kumbe kesho yake angepanda pikipiki!

"Mama, wanatumia kibichi, cha mutoto anazaliwa sasa hivi," nikamwambia. "Na bado wanatafuta tu."

"Wanatafuta, wanatafuta! Mimi nimetafuta siku moja, nimepata."

Ningecheka, kama si Nuru aliyekuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Chakula kilikuwa tayari, nami nilikuwa nimeshatoa insulini kwenye chungu cha mchanga mbichi tunamoipozea. Akafunika tumbo kwa mikono miwili.

"Sipigwi sindano tena. Koko ameleta dawa."

"Njoo, mama yangu," nikambembeleza.

"Hapana!"

Nilikuwa nimetoka shambani, mgongo unawaka. Sikuwa na nguvu ya kumkimbiza wala ya kumkamata kama mbuzi. Nikamkumbusha jinsi alivyozimia alipokosa insulini, tukambeba mpaka hospitali. Akanijibu kwa sauti ndogo, "Lakini udongo iko."

Nikamtazama Koko. Mtoto alikuwa anangoja maneno ya Koko, si yangu.

Koko akaufunga tena ule udongo kwenye kitenge, polepole, akausukuma kando.

"Nuru, nimekosea. Hii ni udongo tu."

"Na dawa?"

"Bado wanaitafuta, watu wenye macho kuliko mimi. Pengine itafika ukiwa mukubwa. Lakini ikifika, inapaswa ikukute. Unasikia? Ikukute."

"Sindano itauma?"

"Itauma. Sikudanganyi mara ya pili leo."

Nuru akafikiri, kisha akainua blauzi yake mwenyewe. Koko akanyoosha mkono kumshika.

"Unawe kwanza, Mama," nikasema.

"Ee, daktari," akanijibu, akaenda kunawa.

Akampakata, macho ameyafumba yeye, si mtoto. Nikapiga. Nuru akalia kidogo, akapangusa kamasi, akavuta sahani.

"Sombe haina mawese," akalalamika.

Nikamwongezea.