Stakabadhi ya Enoki

Kosa lilianzia Makambako, kwenye kambi ya kuandikisha manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge, na Enoki hakuwa na wa kumlaumu ila nafsi yake. Mdogo wake Efraimu alitaka kwenda Tanga. Mwandikishaji alidai stakabadhi ya kodi ya kichwa, na kijana mwenyewe ndiyo kwanza anaota ndevu, hajawahi kulipa kodi. Enoki akatoa yake, akampa kama mtu anavyomwazima nduguye koti.

"Utanirudishia," alimwambia.

Kilichorudi ni barua. Ilisema Enoki Nahumu wa Kidugala amekufa kwa homa, amezikwa hukohuko.

Kidugala nzima ilijua aliyekufa ni nani. Daftari la serikali kule boma halikujua. Enoki alikwenda Njombe kwa miguu kulisahihisha, akamkuta karani Mikaeli, waliyesoma naye darasa moja.

"Ndugu yangu, marehemu hatozwi kodi," Mikaeli alisema kwa sauti ya chini. "Na asiye na stakabadhi, askari wakimkuta njiani unajua wanakompeleka. Ukisema uliazimisha, ni jela vilevile. Lakini Efraimu hana doa. Nikuandike Efraimu?"

Maji yakimwagika hayazoleki. Enoki akatia sahihi kwa jina la mdogo wake.

Ikakaribia Jumapili ya mwisho ya mwaka wa kanisa. Siku hiyo Walutheri wa huko husomewa majina ya waliofariki mwaka ule, na kila jina likisomwa, wafiwa wake husimama. Mama yao, Tabea, hakuwa na kaburi la kupalilia. Alikuwa akiingojea Jumapili hiyo tu.

"Mama, lisisomwe," Enoki alimsihi Jumamosi, wakipukuchua maharage. "Karani mkuu wa boma ameoa hapa, kesho atakuwepo. Efraimu akisomwa marehemu, mimi nitakuwa nani?"

"Jina lake umelivaa wewe," mama alijibu bila kuinua macho. "Sasa mimi nimlilie nani?"

Enoki akazidi kupukuchua. Aliona aibu, na chini ya aibu aliona woga, na woga ndio uliomtesa zaidi.

Kesho yake mzee wa kanisa, Filemoni, alisoma majina polepole. Alipofika la mwisho alisita, akamtazama Tabea. Tabea akaitikia kwa kichwa.

"Enoki Nahumu," mzee akasoma.

Tabea akasimama peke yake. Hakuna aliyecheka wala kukohoa. Karani mkuu aligeuka, akamkazia macho huyu Efraimu wa daftarini, asiyetaka kumsimamia kaka yake. Enoki akainuka.

Mama akamshika mkono kwa nguvu, akaangua kilio. "Enoki! Enoki mwanangu, umeniacha!"

Enoki alikuwa amesimama kando yake, mkono wake umo mkononi mwa mama, na alijua kwamba si yeye anayeitwa.