Mpishi wa Chura Shimoni

Uongo wenyewe hakuusema Nafula. Uliandikwa na wakala mmoja wa Nairobi, mtu wa tai nyekundu na maneno matamu, aliyemuuliza amewahi kupika wapi. Nafula akamjibu ukweli: miaka kumi na mmoja katika shule ya bweni kule Bungoma, githeri ya maharage na mahindi, na ugali, wanafunzi mia sita na arobaini. Wakala akacheka, akagonga kompyuta yake, na shule ikageuka hoteli ya kitalii, githeri ikawa vyakula vya Kiingereza. Nafula alikuwa na watoto watatu, mume alishaenda zake, na hiyo viza ndiyo tegemeo pekee alilokuwa nalo. Akaitia sahihi karatasi hiyo ya wasifu. Wewe ungefanyaje?

Sasa alikuwa Doha, mwezi wake wa tatu kazini, nyumbani kwa Brandon, mhandisi wa Kiingereza anayeishi Al Thumama. Kwa bahati Brandon alikuwa mtu wa saladi na kuku wa kuchoma, hakumsumbua. Lakini Jumapili muda wa majaribio ungekwisha, na Brandon angeiandikia barua ile ofisi iliyomleta Nafula: abaki au arudishwe. Kurudishwa ofisini, kila mfanyakazi wa nyumbani anaujua utamu wake. Unalala chumba kimoja na wenzako wanane, mnangoja mwajiri mwingine, na asipopatikana unapandishwa ndege ukiwa mikono mitupu.

Jumatano jioni mama yake Brandon akaharibu mambo. Jina lake Virginia, mjane wa miaka themanini na mmoja, aliyehamia kwa mwanawe wiki mbili nyuma na tangu siku hiyo anadonoa chakula tu. Jioni hiyo akasema anatamani chura shimoni. Brandon akafurahi mno.

"Nafula anajua," akasema. "Vyakula vya Kiingereza ndiyo kazi yake. Kesho nikitoka kazini tutakula pamoja."

Oveni ilikuwa imekufa mwezi mzima, fundi anaahidi na hatokei, lakini palikuwa na kikaangio cha hewa, lile sanduku jeusi linalopika kwa upepo wa moto. Brandon akasema hicho kinatosha. Nafula akajibu hakuna shida, huku anatazama mlango.

Alimpigia Milka, yaya wa nyumba ya tatu kutoka hapo, aliyewahi kuwafanyia kazi Waingereza wengine.

"Milka, hawa watu wanakula chura?"

"Ni jina tu, wee. Ni soseji zimelazwa ndani ya chapati za maji, zinaokwa mpaka zinafura. Tazama video, pika, nyamaza. Karatasi imeshasema unajua, basi unajua."

Alhamisi asubuhi Brandon alipotoka tu, Nafula akaingia kazini. Alikuwa na soseji za ng'ombe pakiti tatu. Akakoroga unga, mayai na maziwa mpaka rojo likalainika, akapanga soseji kwenye kikapu cha ile mashine, akamimina. Masikini, kikapu kile kina matundu chini kama chujio. Rojo lote likapita, likaungulia chini, na soseji zikabaki juu zimekauka. Miaka yote ya sufuria hakuwahi kukutana na chombo kilichotobolewa kwa makusudi. Akafungua madirisha, akasugua, akaanza upya.

Mara ya pili akatumia bati la keki, akapasha mafuta kwanza kama video ilivyosema. Rojo likaanza kupanda vizuri. Tatizo likawa mkono. Mpishi wa shule hawezi kuacha chakula bila kukichungulia, maana chakula cha watu mia sita kikiungua, bweni zima linagoma. Kila dakika mbili Nafula alivuta kile kikapu aone. Kila akivuta, upepo wa baridi unaingia, na rojo linashuka. Mwishowe akatoa kitu kigumu, bapa, kama godoro la bweni. Ikabaki pakiti moja.

Bi Virginia akaingia jikoni na mkongojo wake. Akatazama ile mizoga miwili kwenye kaunta. Akavuta kiti, akakaa.

Mara ya tatu bibi alikuwa akiongoza kwa kidole: mafuta yafuke moshi kwanza, soseji zipate rangi, ndipo rojo limwagwe kwa mkupuo na mashine ifungwe hapo hapo.

"Dakika ishirini," akasema. "Na mkono wako ukae mbali."

Nafula akaketi, akaikalia mikono yake. Hebu fikiria: dakika ishirini bila kazi, mbele ya mwanamke wa rika la mama yako, anakutazama kwa upole. Hata jambazi angesema kila kitu.

"Mama," akasema, maana ndivyo alivyomwita tangu siku ya kwanza, na bibi alikuwa ameshazoea. "Mimi sijui kupika hiki chakula. Sijawahi hata kukiona."

Akamsimulia yote, shule, wakala, sahihi. Mashine ikaendelea kuvuma. Bi Virginia alisikiliza mpaka mwisho, kisha akapapasa goti la Nafula.

"Nilijua jana," akasema. "Ulisema hakuna shida huku unatazama mlango. Sitamwambia Brandon. Tukijua mimi na wewe, inatosha."

Nafula akashukuru, na kweli alishukuru. Lakini nafuu aliyoitarajia haikuja.

Kengele ya mashine ikalia. Chura alikuwa amepanda upande mmoja kama kichuguu, upande wa pili amelala, kwa sababu ule upepo unasukuma unakotaka. Lakini alikuwa wa kahawia, mkavu juu, laini ndani, na soseji zinachungulia. Bi Virginia akasema hajaona aliyepinda vizuri namna hiyo. Nafula akamkaangia mchuzi mzito wa vitunguu, na huo hakufundishwa na mtu.

Saa kumi jioni, baada ya kupashwa kidogo, chakula kikawa mezani. Bi Virginia alikula sahani nzima, mara ya kwanza tangu afike. Brandon alikula chakula cha watu wawili.

"Ndicho chenyewe," akasema. "Nafula, sasa naelewa kwa nini hoteli ilikung'ang'ania. Jumamosi nina wageni wanane. Utatupikia pai ya nyama na figo, na ile pudingi ya mvuke."

Bi Virginia akainamia sahani yake. Nafula alisimama na jagi la maji mkononi. Neno "hakuna shida" lilikuwa limeshafika mdomoni. Angelisema, angepika, angeponea chupuchupu tena, kisha wiki ijayo chakula kingine, na kingine. Alikuwa amechoka. Kazi haikumchosha, kilichomchosha ni kushtuka kila mtu anapotaja chakula.

"Bosi," akasema, "ile karatasi yangu ni ya uongo."

Brandon akaweka uma chini. Uso ukamwiva. Akainuka, akarudi na karatasi, akaketi nayo, akaanza kusoma mstari kwa mstari, kama askari anayechukua maelezo.

"Hoteli ya kitalii?"

"Shule ya bweni."

"Vyakula vya Kiingereza?"

"Githeri, maharage na mahindi. Na hiki, tangu leo mchana."

"Kifaransa?"

"Hapana, bosi."

"Kuogelea?"

"Naogopa hata beseni."

Bi Virginia akakohoa kuficha kicheko. Brandon hakucheka. Akashuka mpaka chini kabisa ya karatasi.

"Watoto," akasoma. "Hana."

Mengine yote Nafula aliyajibu bila kigugumizi, lakini hili lilikuwa zito. Wakala alimwambia wazungu hawataki mwanamke mwenye watoto, ataomba ruhusa kila siku. Kwa hiyo miezi mitatu alikuwa akiwapigia wanawe simu akijificha stoo, kwa kunong'ona, na alipoulizwa anaongea na nani alisema watoto wa dada. Kila akisema hivyo alijiona amewakana mchana kweupe.

"Watatu," akasema.

Brandon alikuwa mtu aliyedanganywa ndani ya nyumba yake, na haki ya kukasirika alikuwa nayo. Kisha akaigeuza karatasi upande mweupe, akatoa kalamu mfukoni.

"Majina yao."

"Ya nini, bosi?" Nafula aliuliza, akiamini ni barua ya kumrudisha.

"Jumapili lazima niiambie ofisi nani anabaki hapa," Brandon akasema. "Safari hii nataka iandikwe kweli."

Nafula akaweka jagi mezani. Akaanza na Simiyu, kifungua mimba, yuko kidato cha pili. Akaendelea na Nanjala, anayependa hesabu. Alipofika kwa kitinda mimba, Mercy, wa miaka mitano, machozi yakamshinda. Akayafuta kwa kiganja, akalitaja jina hilo mara ya pili, kwa sauti, nyumba nzima isikie.