Barua Kumi na Nne kwa Aliyemtengeneza Shemeji

Mpiga chapa wa masjala ya mahakama alikuwa haoni tangu utotoni, na kwa miaka tisa kazi yake ilishikiliwa na programu moja ya bure. Akichapa mstari, inamsomea. Akifungua faili, inamsomea. Ilikuwa na sauti ya kiume iliyopooza, isiyojua kupanda wala kushuka, naye akaibatiza Shemeji, kwa sababu, alisema, inaongea kutwa na haina habari ya kurudi kwao. Aliyeitengeneza hakuna aliyemjua. Alikuwa anwani ya barua pepe tu, chini kabisa ya ukurasa wa msaada.

Jumatatu moja zikaletwa kompyuta mpya, na Shemeji alipowekwa humo akawa bubu. Fundi alihangaika asubuhi nzima, akaishia kusema programu ni ya zamani mno, haielewani na mashine hizi, na zile za kisasa Kiswahili hazikijui. Karani mkuu hakumzungusha mama wa watu. Kompyuta za zamani zinaondoka Ijumaa, na kama hadi hapo hakuna njia, basi atafute shughuli nyingine. Shughuli gani, jamani, kwa mwanamke wa miaka arobaini na sita asiyeona, mwenye binti bado yuko shule?

Akarudi kwenye mashine yake kuukuu, akamwandikia mtengenezaji. Unadhani alianza na salamu? Thubutu. Alimwambia programu yake imekwama, yeye yuko mbioni kufukuzwa kazi, airekebishe kabla ya Ijumaa.

Jibu lilikuja Jumatano, Shemeji akalisoma. Aliyeandika alikuwa mama wa mtengenezaji.

“Mwanangu, kijana wangu amefariki, leo siku ya kumi. Hakuna wa kuirekebisha tena. Mimi ni mshonaji tu, hata barua hii naandikiwa na jirani. Marehemu aliniambia watu humwandikia kumshukuru. Jumamosi ndugu wanakutana kumkumbuka, nami nataka tuwasomee barua moja ya namna hiyo. Kama uliwahi kumwandikia, naomba unitumie.”

Tusidanganyane: jambo la kwanza alilowaza ni Ijumaa. Alijiona kabisa amekaa nyumbani, mikono mapajani, akisubiri binti arudi amsomee bili ya maji. Marehemu alimjia baadaye, na alipomjia, alimjia na mzigo.

Akafungua barua zote alizowahi kumtumia. Ukiacha ile ya Jumatatu, zilikuwa kumi na nne. Shemeji akazisoma moja baada ya nyingine, taratibu, bila kinyongo. Hii takataka yako imenikatia sentensi. Hivi wewe huwa unafanya kazi gani? Nimesema mara tatu, husikii? Ya mwisho, ya mwezi uliopita, ndiyo ilikuwa na sumu. Shemeji alikuwa anaruka kile kimstari cha kati ya namba ya kesi na mwaka, kumi na mbili ya mwaka wa kumi na tisa anaisoma elfu moja mia mbili kumi na tisa, na mpiga chapa akaingiza hukumu ya mtu kwenye faili la mtu mwingine. Akamporomoshea kijana maneno ambayo hata mbwa haambiwi. Baada ya siku chache namba zikasomeka sawasawa. Akasema, ehe, kumbe anaweza, akaendelea kuchapa.

Asante haikuwemo hata moja. Aibu ilimshika mpaka masikio yakamwaka moto. Kumbe kijana alikuwa akimdanganya mama yake, na mmoja wa waliomfanya adanganye alikuwa yeye.

Basi naye akadanganya. Aliandika barua ya shukrani, na maneno yakamtoka yenyewe kwa sababu yalikuwa ya kweli. Kwamba kwa miaka hii yote amesoma barua zake mwenyewe bila kuazima macho ya mtu. Kwamba ripoti ya shule ya binti yake aliisoma yeye, wa kwanza. Kwamba hata namba za kesi sasa zinasomeka vizuri, hakosei tena. Kisha juu akaweka tarehe ya mwaka jana, ili mama aamini mwanawe aliipata akiwa hai. Akaituma.

Jibu lilimkuta Ijumaa, wachukuzi wameshaanza kubeba mashine upande wa mlangoni.

“Mungu akubariki kwa kutaka kunifariji. Lakini hizo namba za kesi alizirekebisha hospitalini, siku mbili kabla hajafa, kompyuta iko juu ya mto. Nilimwambia apumzike. Akasema kuna dada mmoja wa mahakamani, anamgombeza sana, lakini kazi yake inategemea hilo. Ndicho kitu cha mwisho alichofanya. Kwa hiyo barua hii hakuisoma. Zile zako nyingine jirani amezikuta kwenye kompyuta yake, na jana amenisomea zote. Jumamosi hatutasoma kitu.”

Aliweka vidole kwenye vitufe. Akachapa: Mama, nisamehe. Shemeji akamsomea: Mama, nisamehe. Mchukuzi akauliza kwa adabu kama amemaliza, na kabla hajamjibu, mwenzake alishachomoa waya.