Nyumba ya Soketi za Juu

Mshamu alirudi Kibiti kutoka Dar es Salaam Jumamosi alasiri, na kabla hajavua viatu alikuwa ameshamwonyesha kila mtu ufunguo. Alimwonyesha mama yake, Bi Mwamini, aliyekuwa barazani anachambua kisamvu. Alimwonyesha hata mpita njia ambaye wala hakuuliza. Mkewe Mwanawetu, ambaye ndiye nesi, ndiye aliyepewa uhamisho, ndiye aliyetakiwa kuripoti hospitali ya Dar tarehe mosi Novemba, aliuona mwisho kabisa, kwa sababu alikuwa uani anafua sare zake za kazi.

"Nyumba tumepata, mama Saidy!" Mshamu alipaza sauti. "Nyumba ya kifamilia kabisa. Nimeshatia saini."

Mwanawetu aliikamua sare mpaka viganja vikamuuma. Ameshatia saini! Walikubaliana nini? Walikubaliana Mshamu aende akatazame, arudi, wazungumze. Angeenda mwenyewe kama si zahanati ya Ruaruke, ambako alikuwa peke yake na wajawazito wake, na nesi wa kumpokea kazi bado hajafika. Ndiyo maana alimwandikia orodha, akaikunja, akamtia mfukoni kama anavyomtia mtoto wa shule. Shule iwe ya kwenda kwa miguu. Maji ya bomba. Majirani wenye watoto. Gari moja tu mpaka kazini. Na juu ya yote, mstari wa kwanza, neno moja alilolipigia mistari miwili chini yake: PAKAVU.

Neno hilo halikuhitaji maelezo kwa mtu yeyote wa nyumba ile. Mwaka wa mafuriko makubwa walikuwa wakiishi bondeni, upande wa Umwe, na mto ulipokuja haukubisha hodi. Mwanawetu alipanda na watoto wawili kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo cha kulindia mpunga, wakakaa humo tangu asubuhi mpaka mtumbwi ulipowafikia alasiri, maji yakiwa yameanza kulowesha sakafu. Saidy alikuwa na miaka saba, anaweza kushika nguzo. Hafsa alikuwa na mitatu. Mama yake alimfunga dumu tupu la lita tano mgongoni, kwa khanga, ili akianguka aelee. Na Mshamu? Mshamu alikuwa upande wa pili anaokoa magunia ya mpunga.

Tangu hapo wamekaa Kibiti kwa Bi Mwamini, na dumu lile Hafsa hajaliachia. Analala nalo. Akila, liko ubavuni. Mvua ikigonga bati analikumbatia na kunyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kunakomkata mama yake maini. Uhamisho ulipokuja, wenzake walimpongeza kwa kupata mjini. Mwanawetu hakuutaka mji. Alichotaka ni nyumba moja tu, popote pale, ambamo binti yake ataliacha dumu sakafuni na kulisahau.

"Njooni mwone video," Mshamu aliita.

Wakakusanyika barazani. Bi Mwamini alishika simu, watoto wakaegemea mabega yake, Hafsa na dumu lake mapajani. Mwanawetu alisimama nyuma yao, mikono ina povu. Kwenye simu ilisikika sauti ya Dulla, binamu yake Mshamu, dalali wa nyumba huko Dar, katika mtaa unaoitwa Kwa Abubakary.

"Uwanja huo, binamu! Watoto watacheza mpaka wachoke wenyewe. Na huku nyuma hakuna nyumba hata moja, hakuna wa kukuchungulia."

Mshamu alionekana akiinama nyuma ya nyumba, akachota udongo, akaufinyanga kiganjani. Mweusi, laini. Alicheka kwenye ile video kicheko ambacho Mwanawetu hajakisikia tangu harusi yao.

"Haya, mlangoni," Dulla aliendelea. "Unaona hiki kiukuta kinafika magotini? Mtoto mdogo hawezi kutambaa akatokea barabarani. Wenye nyumba hawa wamefikiria watoto. Na humu ndani, tazama soketi za umeme. Zote juu! Hakuna mtoto atakayetia kidole."

Mshamu kwenye video akaliegemeza bega lake kwenye ukuta, kando ya soketi, kama anapigwa picha ya kitambulisho. Soketi ilikuwa sawasawa na bega lake.

"Mashaallah," alisema Bi Mwamini. "Mjini kuna watu wenye akili. Siye hapa soketi zetu ziko chini, paka anakojolea."

Watoto wakacheka. Mwanawetu hakucheka.

"Mama, naomba hiyo simu," alisema.

Akairudisha nyuma video. Akaitazama tena, akaisimamisha, akaikuza kwa vidole. Rangi ya ukuta ilikuwa mpya kutoka sakafuni mpaka usawa wa kifua. Kutoka hapo kwenda juu ilikuwa rangi ya zamani, imepauka. Mlango ulikuwa umevimba upande wa chini. Nje, kwenye shina la mnazi, kulikuwa na mstari wa tope lililokauka, umenyooka kana kwamba umepigwa kwa kamba. Na migomba ya jirani ilikuwa minene, mirefu, katikati ya Oktoba, wakati migomba ya watu wa mlimani, kusikofika maji, imekunja majani kwa kiu.

Haikuwa nyumba yenye mambo ya kufichwa. Kila kitu kilikuwa wazi kabisa.

"Baba Saidy, maji yalifika wapi?"

"Maji gani tena?"

"Usinitie kichaa. Kiukuta cha mlangoni ni cha kuzuia mtoto asitoke, au cha kuzuia maji yasiingie? Soketi wamezipandisha kwa ajili ya vidole vya watoto wa mpangaji ambao hawajawahi kuwaona? Watu gani hao wenye huruma namna hiyo?"

"Mkamwana," Bi Mwamini alimkatiza, "mwanamume kahangaika siku nne juani. Kwanza mshukuru. Nyumba ni kazi ya mume kuchagua."

"Nimechagua mume, mama, na ndiyo maana leo nakoma," Mwanawetu alijibu, na mkwewe akabaki mdomo wazi, kwa sababu katika miaka kumi hajawahi kujibiwa.

Mshamu alikohoa. "Dulla amesema yaliingia kidogo tu. Magotini."

"Dulla! Mimi simuulizi Dulla. Nakuuliza wewe!" Sasa alikuwa anapiga kelele, na majirani walikuwa wameshatokeza vichwa, na hakujali. "Wewe Mshamu, ambaye watu walikuwa wanakuita kutoka vijiji vitatu uje uguse mti uwaambie maji ya mwaka gani yalifika wapi. Wewe ambaye hukupanda hata mbegu bila kutazama alama. Uliingia kwenye nyumba ile ukiwa kipofu?"

Mshamu alitazama ufunguo kiganjani mwake. Alikuwa mtu mzuri wa kulima lakini hakuwa mzuri wa kudanganya.

"Niliiona alama," alisema.

Mwanawetu aliishusha simu.

"Uliiona."

"Niliiona. Lakini udongo ule, mama Saidy... Ni mlau. Mlau wenyewe kama wa kule bondeni! Maji yakiondoka unatupia mbegu tu, hulimi hata. Nyuma pale natoa mchicha, natoa mahindi, bamia. Kila mwaka maji yanaleta udongo mpya." Sauti yake ilipanda, na yeye pia alikuwa na hasira zake. "Ulitaka nifanye nini huko mjini? Nikae kitandani nimsubiri mke atoke kazini aniletee chakula? Watu wananiita begi la nesi. Nyumba za mlimani alizonionyesha Dulla hazina hata mahali pa kupanda mchaichai. Maji ni siku mbili tatu tu kwa mwaka. Siye tumezaliwa na maji."

Mwanawetu alimwelewa, na kumwelewa kulimwongezea ghadhabu. Mshamu angekuwa mjinga, angemsamehe. Aliyaona maji, akauona udongo, akapima, akachagua udongo. Kama siku ile ya magunia.

Mwanawetu aliingia jikoni, akatoka na kipande cha mkaa.

"Simama hapo ukutani."

"Nini?"

"Simama kama ulivyosimama kwenye video. Uko hodari wa kusimama."

Ukuta wa baraza ulikuwa umepakwa chokaa juzijuzi kwa ajili ya kisomo cha kumuaga nesi. "Chokaa yangu!" Bi Mwamini aligutuka, lakini Mwanawetu alikuwa ameshachora mstari mweusi, mrefu, usawa wa bega la mumewe.

"Wenye nyumba hawakuzipandisha soketi mpaka hapa kwa maji ya magotini," alisema. "Saidy, njoo baba, simama."

Saidy, mwaka wa tisa, mrefu kuliko wenzake wa darasa la tatu, akasimama chini ya mstari. Ulimpita kichwani kwa vidole vitatu.

"Hafsa."

Hafsa alikuja na dumu lake. Alisimama ukutani, akaegemeza kisogo, akatazama juu. Aliunyoosha mkono wa kulia wote, akanyanyuka kwa ncha za vidole vya miguu. Hakuufikia.

"Mama," Mwanawetu alimwambia mkwewe, sauti sasa imeshuka, "hiyo ndiyo nyumba ya kifamilia. Mimi niko zamu ya usiku. Baba yao yuko nyuma anaokoa bamia. Niambie wewe, nani anawashika?"

Bi Mwamini alikuwa anautazama ule mkono mdogo.

Hafsa aliushusha. Alikwenda mpaka pembeni mwa mlango, kwenye mfuko mkubwa wa mistari uliokuwa umeanza kupakiwa nguo za safari, akafungua zipu, akalitia dumu lake juu ya sare za shule, akalibana vizuri lisidondoke. Halafu akageuka.

"Bibi," aliuliza, "na la kaka?"

Saidy aliinamisha uso akawa anachokonoa chokaa kwa ukucha.

Bi Mwamini aliinuka, na magoti yake yale ya miaka sabini hayakulalamika. Alimfuata mwanawe, akamfungua vidole kimoja kimoja, akautoa ufunguo, akampa Mwanawetu.

"Kesho Jumapili," alimwambia mkamwana wake. "Zahanati nitakwenda mimi nikakae na wajawazito wako, nimezalisha wanawake kabla nyie hamjazaliwa; wakishindwa nitakupigia simu. Wewe nenda Dar. Mrudishie Dulla kitu chake, na umwambie mimi shangazi yake nimeuona ukuta wake. Tafuta nyumba mlimani. Hata chumba kimoja, kama hakuna zaidi."

"Na mimi?" Mshamu aliuliza.

"Wewe utabaki hapa na wanao," alisema mama yake. "Na ule mstari usiufute."

Mwanawetu aliutia ufunguo kwenye mfuko wa gauni. Hasira ilikuwa haijamtoka, na hakutaka imtoke kabla hajafika Dar. Alipiga magoti kwenye mfuko wa safari ili alitoe dumu, lakini Hafsa aliwahi kuliwekea mkono juu.

"Liache kwanza, mama," alisema. "Mpaka tuione hiyo nyumba."