Jina la Marivic

Njia za kujiunga na klabu yetu ya vijana pale kijijini Bariwas zilikuwa tatu: kupitia shuleni, kwenda kwa Mwalimu Fermin na sahihi ya mzazi, au kujiandikisha kambini siku ya kwanza. Zote zilitaka uwe umetimiza miaka tisa. Ya nne niliibuni mimi, katibu wa klabu, mwenye miaka kumi na mitano na kichwa kigumu, na mpaka leo naijutia.

Mdogo wangu Delfa alikuwa na miaka sita. Mama yetu alikuwa Hong Kong akilea watoto wa watu, baba kutwa yuko kwenye mpunga, kwa hiyo Delfa alikuwa mkia wangu. Ilipokaribia kambi ya mtoni alilia siku mbili mfululizo.

"Manang, nipeleke," alisema, maana ndivyo tunavyomwita dada mkubwa kwetu. "Nitakaa kimya."

"Wewe? Mdomo wako hauna kifuniko."

Lakini moyo wa dada nao si jiwe. Nikafungua daftari la klabu. Majina yalikuwa ishirini na mawili, watoto ishirini na mmoja. Jina la ziada lilikuwa la Marivic, rafiki yangu, aliyezama katika mto uleule miaka minne nyuma. Mama yake, Nana Ursing, alituomba tusilifute. "Mwacheni aitwe na wenzake," alisema. Kwa hiyo tulimwita kila mwaka, na sahani yake ikapakuliwa.

"Sikiliza," nikamwambia Delfa. "Likiitwa jina la Marivic, itika wewe. Utakula sahani yake, hesabu itatimia."

Mwalimu Fermin haoni vizuri, huita majina pua ikigusa karatasi. Delfa aliitika "Nipo!" siku mbili nzima, watoto wakacheka, nami nikajiona mjanja.

Siku ya kuondoka Mwalimu akasimama ukingoni kama kawaida. Kwetu, ukitoka penye maji na watoto, unaita roho zao moja moja, maana roho ya mtoto hupenda kubaki ikicheza. Mwalimu akaanza juu ya orodha, kila jina na wito wake, hadi akafika hapo.

"Marivic, twende, usibaki!"

Miaka yote jina hilo lilifuatwa na kimya.

"Nipo!" akaitika Delfa kando yangu.

Delfa hakuitwa na mtu. Hakuwamo daftarini.

Jioni ile alikula karela, ile mboga chungu, sahani mbili, yeye ambaye huitema hata ikifichwa ndani ya wali. Asubuhi nywele zake zilikuwa zimelowa, na mto wa kulalia pia. Akaiangalia picha ya mama ukutani, akauliza, "Huyu nani?" Nilidhani ananitania. Kisha akanigeukia, akatabasamu.

"Kengeza, twende tukacheze."

Kengeza ni jina alilonibandika Marivic darasa la kwanza, na yeye peke yake ndiye aliyeniita hivyo. Alipokufa, Delfa alikuwa na miaka miwili.

Majuto ni mjukuu, na wangu alizaliwa siku ya tatu tangu turudi. Baada ya chakula cha mchana Delfa hakuwepo. Nilimkuta kwa Nana Ursing, amekaa katikati ya magoti yake akisukwa, sahani ya karela, chakula alichokipenda Marivic, mapajani. Nana aliinua uso. Sijawahi kuona furaha kama ile kwa mtu mzima, na niliiogopa.

"Nana, huyo ni Delfa."

"Mwili ni wa Delfa, Linda. Nilizaa mmoja tu. Nitakosa kumjua?"

Nikapiga magoti, nikamwambia yote huku nalia. Akaendelea kusuka. Nilijua akikataa sina la kumfanya, na mdogo wangu ndiyo basi tena.

"Wako yuko wapi sasa?" akauliza mwishowe.

"Mtoni. Hakuna aliyemwita."

Vidole vyake vikasimama. Alikaa hivyo mpaka yule mtoto akamaliza kula. Akamfuta mdomo kwa upindo wa nguo yake.

"Kalete daftari," akasema.

Tulifika mtoni jua likiwaka. Nana akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya jina la mwanawe, polepole, herufi kwa herufi. Chini yake nikaandika: Delfa, miaka sita. Safari hii sikudanganya.

"Delfa, twende, usibaki!" Nana akaita. Akaita tena. Mara ya tatu mkono wa mtoto niliokuwa nimeushika, uliokuwa baridi siku tatu zote, ukapata joto.

"Manang," mdogo wangu akalalamika, "mbona mmechelewa?"

Tukaanza kupanda njia. Hatukufika mbali.

"Nipo," sauti ikasema nyuma yetu, kutoka majini. Kisha, kwa wasiwasi kidogo: "Mama, nipo."

Nana akanishika kifundo cha mkono hadi kikauma. "Usigeuke."

"Nana, ana…"

"Nimesikia. Mama yake ni mimi. Tembea."

Sauti iliita mpaka kwenye kona ya mianzi. Nana hakugeuka hata mara moja. Machozi yalimtiririka, naye hakuyafuta.

Kwake, sufuria ya karela ilikuwa bado na joto. Akachota kipande kimoja, akamlisha Delfa. Delfa akakunja uso, akakitema sakafuni.

"Kichungu!"

Nana Ursing akakiokota kile kipande, akakitazama, akakitia kinywani mwake.

"Ndiye wako," akaniambia. "Mpeleke nyumbani."