Pleti za Bajaji ya Mama

Jirani yetu Bi Fakhria aliposikia bajaji ikinguruma uani kwetu, alikuja na wajukuu zake, wote wamevaa nguo za harusi.

"Mama Issa, kumbe imepona! Kila siku unaniambia inasubiri spea. Haya Issa, tupeleke Itetemia, tumeshachelewa."

Haikuwa mbovu. Kaka Issa alikamatwa na trafiki akiendesha huku amelewa pombe ya wanzuki, mahakama ikamfungia leseni. Bajaji ni ya Mama, na polisi walimwonya: Issa akikamatwa tena, itazuiliwa na pleti namba zitang'olewa. Mama aliona aibu. Mtaa mzima wa Chemchem unatujua kwa maulidi ya kila mwaka nyumbani kwetu. Ndiyo maana majirani akawaambia inasubiri spea. Lakini chakula chetu kinatoka kwenye bajaji hiyo.

Watoto walipanda wakisukumana. Issa alishika usukani, macho mekundu. Nilimtazama Mama. Alikuwa anavutavuta pindo la mtandio wake.

Mimi mbele ya watu wazima sauti huwa hainitoki. Siku ile ilitoka.

"Shukeni! Kaka amekunywa. Na leseni amefungiwa."

Bi Fakhria alimsogelea Issa, akamnusa mdomo kama mtu anayekagua maziwa.

"Astaghfirullah! Mama Issa, na wewe ungeniacha niwapakie?"

Mama aliinama.

"Leo bubu kasema," Issa aliniambia. "Nenda basi ukaolewe na trafiki."

Watoto walipokwisha kushuka, aliondoka kwa hasira, peke yake.

Kabla ya alasiri tuliitwa kituo cha polisi; Issa alikuwa amekamatwa. Bajaji ilikuwa uani hapo kituoni, mbele na nyuma pamebaki matundu ya skrubu tu. Mlangoni Mama alininong'oneza, "Useme aliiba ufunguo."

Nilitangulia kuingia.

Ndani, askari alimuuliza, "Mama, ulijua anaendesha? Kama hukujua, tutaangalia namna ya kukurudishia. Kama ulimruhusu, inabaki hapa mpaka kesi iishe."

Mama alinigeukia. Nilitazama sakafu. Nadhani alijua kwamba nikiulizwa mimi, sitaweza kudanganya.

"Nilijua, mwanangu," alimwambia askari. "Ufunguo nilimpa mimi. Unga ulikuwa umeisha."

Askari aliandika, akafunga jalada.

Tulirudi kwa miguu. Mama alitangulia. Nilipomfikia na kunyoosha mkono nimpokee mkoba, aliuhamishia upande wa pili, akaendelea kutembea.